Sauti ya Tano

Tarehe 3 Machi

Kaka Besi,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Tumefika salama, wote wanne. Ngoja nianze na studio, maana nikianza na ndege karatasi itaisha tukiwa bado mawinguni.

Kaka, hicho chumba! Kuta zimevikwa sponji kutoka sakafuni hadi darini. Si mzaha, sponji kabisa, ile ile ya magodoro anayoshona Mama, ila hii imekatwa meno meno. Mapacha waliingia, wakatazamana, wakaanza kucheka. Mtu asafirishwe juu ya bahari kutwa nzima, kisha aingizwe kwenye stoo ya magodoro! Kinyozi akawakanyaga miguu wanyamaze, maana mwenye kampuni alikuwa nyuma yetu. Tunamwita Mama Miwani. Ana miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, na bado kila saa anauliza nani ameiona miwani yake.

Fundi wa sauti ni mzee mnene asiyesema sana. Alipokea kanda yetu kwa mikono miwili kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Kisha akauliza, kwa mkalimani, kanda nyingine ziko wapi. Tukasema hakuna nyingine. Akauliza tena. Kumbe huku kila mwimbaji hurekodiwa peke yake, ili fundi akitaka kumpandisha huyu na kumshusha yule asogeze kitufe tu. Basi Kinyozi akamweleza tulivyofanya sisi: kipaza sauti kimoja kimening'inizwa kwenye boriti ya stoo ya Mama, wanne tumekizunguka, na wewe umesukumwa nyuma kabisa, mgongo kwenye rundo la magodoro, kwa kuwa ukisogea kidogo unatumeza wote. Mkalimani aliona haya kuyatafsiri hayo. Nikajua tumejiaibisha.

Mzee alisogea kwenye mashine yake. Aliiweka kanda, na "Usilale Bado" ikaanza kama inavyoanza siku zote, wewe peke yako, kabla ya ngoma kuingia. Spika zao ni kubwa kuliko kabati la Mama. Kaka, sijawahi kukusikia hivyo. Sakafu ilikuwa inanong'ona chini ya viatu vyangu. Nilipata woga, nakuambia ukweli, woga wa mtu anayeonyeshwa kitu kikubwa kilichokuwa nyumbani kwao siku zote. Nimelala chumba kimoja na wewe tangu nazaliwa, nimekusikia ukikoroma kwa sauti hiyo hiyo, na sikujua.

Wimbo utatoka mwisho wa Mei, siku moja, nchi nyingi. Ofisini kuna ramani imejaa pini nyekundu, na kila pini ni mahali ambapo mtu ataingia dukani na kutuuliza kwa jina. Sisi Watano! Vijana tuliokuwa tunafukuzwa na majirani kwa kelele!

Daktari anasemaje kuhusu koo? Sipigi simu kwa jirani kwa sababu umekatazwa kuongea. Nipige nisikie nini, unavyotikisa kichwa? Andika.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Tarehe 19 Machi

Kijiti,

Barua yako imesomwa hapa mpaka mikunjo imeanza kuachia. Mama ameuliza mambo mawili: sponji hiyo ya ukutani ni nene kiasi gani, na je, wenye nyumba wenyewe wanalalia nini. "Watu wana mali nzuri hivyo, wanaibandika ukutani!" Tangu juzi anawasimulia wateja, na kila akisimulia chumba kinaongezeka ukubwa. Sasa hivi kimefika kiwanja cha mpira.

Koo linaendelea vizuri. Uvimbe wameutoa wote na kidonda kimefunga. Sauti nayo itarudi, daktari anasema ni suala la muda na subira. Kwa hiyo msiniwekee matanga. Mkimaliza wimbo huu mtanikuta tayari kwa wa pili, na safari hii nitasimama mbele, nyinyi ndio mtakaa kwenye magodoro.

Kwa sasa ninaongea kwa chaki na kibao. Wateja wamezoea, isipokuwa bibi mmoja aliyedhani mimi ni kiziwi. Alinisogelea sikioni akapiga ukelele, "GODORO LA MTOTO!" mpaka fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akaja kuangalia nani ameumia. Nikamwandikia, "Nasikia, bibi, ila godoro halisikii." Alicheka mpaka akasahau alichokuja kununua.

Nieleze zaidi kuhusu hizo pini. Mchana nikiwa nashona kingo za godoro, mkono unafanya kazi wenyewe, na mimi nawaza: mwanamke mmoja, nchi nisiyoijua, anaosha vyombo, dirisha liko wazi, na mimi nimo humo jikoni mwake nikiimba. Hajui uso wangu. Hajui hata neno moja ninalosema. Lakini amesimamisha sahani mkononi. Nikifika hapo nashindwa kuendelea kuwaza, najichoma sindano.

Mwambie Kinyozi asiwanyoe watu huko bila kibali.

Kaka yako,
Besi

*

Tarehe 5 Aprili

Kaka Besi,

Wametupeleka kiwandani kuona nyimbo zinavyozaliwa. Ni jumba refu linalonuka plastiki ya moto. Mashine inapokea donge jeusi kama ugoro, inalifinya mara moja, psst, na kinachotoka ni santuri, bado ina joto. Mama mmoja mwenye glavu aliniachia niishike. Nikaiinua kwenye mwanga nikaona mistari, myembamba kuliko uzi wowote wa Mama, inazunguka, inazunguka. Mkalimani akasema huyo aliyemo ndani ni mwanamke aliyekwisha kufa zamani, na bado kila wiki wanachapa sauti yake, na bado watu wanainunua. Nilimrudishia yule mama santuri yake. Mapacha nao, ambao hucheka hata msibani, hawakucheka.

Sasa nikuambie lililonifanya nichelewe kuandika.

Mama Miwani anasema wimbo ukitoka tutaonyeshwa kwenye televisheni, na sauti inayoufungua wimbo lazima iwe na mwenyewe pale jukwaani. Watu watauliza, huyo anayeimba yuko wapi? Kwanza alitaka fundi akutoe wewe tu, amweke mwingine mahali pako. Mzee wa watu alihangaika mpaka akavua koti. Haiwezekani, Kaka. Kwa kuwa tuliimba sote kwenye kipaza sauti kimoja, umo kila mahali. Umo chini ya sauti ya Kinyozi, umo ndani ya makofi ya Mapacha, umo hata pale ninapoimba peke yangu na wewe ulikuwa unavuta pumzi tu. Mzee alisema ni kama kutafuta sukari kwenye chai iliyokwisha kukorogwa.

Basi wameamua tuurekodi upya wimbo wote, kwa utaratibu wao, na besi mwingine. Ni kijana wa huku, mpole, ana sauti nzito nzuri. Ameyaandika maneno yetu kwa herufi zao na anayatamka bila kosa, kama mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa.

Tulibishana sisi wanne. Mimi nilikuwa upande wa kukataa. Kinyozi akasema, "Besi anapona. Huu ni wimbo mmoja, nyimbo zote zinazofuata ni zake. Tukikataa leo, hakutakuwa na zinazofuata." Nikaona ana hoja, nikakubali. Lakini tangu hapo chakula hakina ladha. Ukisema hapana, Kaka, nitaenda kwa Mama Miwani na barua yako mkononi, liwalo na liwe. Ukisema ndiyo, nitajua unapona kweli, na nitatulia.

Mdogo wako,
Kijiti

*

Tarehe 20 Aprili

Kijiti,

Ndiyo. Imbeni na huyo kijana, na mwambieni asiogope kufungua kinywa.

Kinyozi amesema sawa. Wimbo ni mtoto wa watu watano. Hatumfungii nyumbani siku ya sherehe kwa sababu mmoja wetu ana homa. Mimi nitafika kwenye wa pili. Kula chakula chako, umekonda vya kutosha tangu tumboni.

Ninaomba kitu kimoja tu. Ile kanda ya stoo msiitupe. Mkirudi, rudini nayo.

Kaka yako,
Besi

*

Tarehe 21 Aprili

Kijiti mwanangu,

Ni mimi mama yako. Mimi si mtu wa kuzunguka, nitasema moja kwa moja.

Kaka yako anakudanganya. Sauti hairudi. Uvimbe ulikuwa umeshika mshipa unaotoa sauti, na daktari alipoukata ilibidi avikate vyote viwili, ama sivyo ningemzika mwanangu. Kilichobaki ni mnong'ono, na huo huo akiulazimisha anakohoa. Alijua hayo kabla hamjapanda ndege. Akaniapisha nisiseme, akisema mkijua hamtaondoka. Nikanyamaza, kwa sababu mwenye koo ndiye mwenye habari yake. Siku ile mnaondoka alikuwa amebeba mabegi yenu anacheka, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha sufuria zilizokwisha kuoshwa.

Jana aliileta barua yako nimsomee, eti macho yamechoka. Nilipofika pale pa besi mwingine nilimtazama. Akachukua chaki, akaandika, "Vizuri sana." Kisha akaingia stoo. Nilimfuata baadaye nikamkuta amesimama pale pale mlipomsimamisha siku ya kurekodi, mgongo kwenye magodoro. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama tu. Heri angelia.

Nakuambia hili ujue mnachofanya. Sauti ya mwanangu iko mahali pamoja duniani, kwenye hiyo kanda mliyoondoka nayo. Mimi mwenyewe sina hata kipande. Nilimzaa, nilimsikia akiwa kichanga analia kwa sauti nzito mpaka mkunga akasema huyu amekuja na baba yake tumboni, na leo nikitaka kumsikia sina pa kwenda.

Sikuamrishi. Wimbo ni wenu, na wenzako wana mama zao wanaowategemea. Lakini usiamue juu ya uongo, hata uongo wa upendo. Amua ukijua. Akija kunikasirikia kwa kukuambia, nitamkasirikia pia, tutakuwa sare.

Vaa vizuri, huko kuna baridi.

Mama yako

*

Tarehe 6 Mei

Mama yangu mpenzi,

Barua yako ilinikuta kwenye ngazi za studio. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wimbo mpya ulikuwa umekwisha kurekodiwa. Kiwanda kimeambiwa kianze kuchapa Jumatatu.

Niliwapa wenzangu waisome wenyewe. Pacha mmoja alitoka nje bila koti. Kinyozi, aliyesema tukubali, alikaa pale chini kwenye ngazi, watu wanampita, akasema, "Amebeba begi langu. Siku ile amebeba begi langu." Akarudia hivyo hivyo mpaka nikamshika mkono. Kisha akainuka akafuta uso akasema twende.

Tulimkuta Mama Miwani na fundi, na yule kijana besi yupo pembeni anafanya mazoezi. Nilitaka Kinyozi aseme lakini mdomo uliofunguka ulikuwa wangu. Nilisema yote, haraka haraka, mkalimani anakimbia nyuma yangu. Mama Miwani alisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, na alimaanisha, niliona. Halafu akasema kampuni si hospitali, na tarehe imekwisha kutangazwa kote kwenye zile pini.

Hapo Kinyozi akasema, "Basi chapeni wa stoo, ama mtuandikie tiketi za kurudi nyumbani." Mama, ninajua maana ya maneno hayo. Alifunga kibanda chake cha kunyolea kuja huku. Nilitazama Mapacha, nikategemea watacheka, wakatikisa vichwa pamoja: ndiyo. Sijawahi kuwaona watu wakubwa kama wale watatu, na tumekua pamoja tukipigana kwa ajili ya maembe.

Sasa sikiliza. Yule kijana besi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alivua vile vya kusikilizia masikioni akasogea. Akasema kila asubuhi anapojifunza wimbo wetu, anamsikiliza mtu wa kwenye kanda. Anafunga macho na kumfuata. Akasema jukwaani atasimama, ataimba kwa heshima, na atawaambia watu anaimba kwa niaba ya nani. Lakini kwenye santuri, akasema, mwanafunzi hawezi kutolewa halafu mwalimu aachwe kwenye boksi. Mkalimani alipomaliza kutafsiri alikuwa anajipangusa pua.

Mama Miwani akatuambia tutoke, abaki na fundi.

Ndipo tulipo, Mama. Tuko ukumbini nje ya studio. Mlango una kioo kinene, tunawaona lakini hatusikii chochote. Fundi ameweka wimbo mpya kwanza, kisha ameweka wa stoo. Ninajua ni wa stoo kwa sababu amepandisha mkono kabla haujaanza, kama mtu anayeomba watu watulie, na humo ndani kuna watu wawili tu. Mama Miwani amevua miwani zote mbili ameziweka mezani. Amefunga macho. Sijui anasikia nini. Tumesimama hapa wanne, tumegusana mabega, tunatazama chumba kisicho na sauti, na tunajua aliyemo ndani ni Kaka.

Posta inafungwa karibu. Nikisubiri jibu, barua hii italala mpaka wiki ijayo. Naituma hivi hivi, sijui kitu. Usimwonyeshe. Au mwonyeshe. Wewe utajua.

Mwanao,
Kijiti

*

Tarehe 30 Mei

Kijiti, mdogo wangu,

Mama alinionyesha. Nilinuna siku mbili, naye akanuna siku mbili, kama alivyoahidi. Ya tatu tukachoka, tukanywa chai. Kwa hiyo usianze kuniomba radhi. Mwambie Kinyozi begi lake lilikuwa jepesi, aache upuuzi.

Barua yako ilituacha pale pale ulipokuwa wewe, nje ya kioo. Hakuna nyingine iliyofuata. Fundi baiskeli alinishauri tupige simu kwenye kampuni. Mama akakataa, akasema habari mbaya haina haja ya kuitwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia kijana yule ana moyo mzuri, na kama ni yeye, nitampigia makofi.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mama alitangaza asubuhi kwamba redio haitawashwa, tuna kazi. Alikuwa stoo, mlango umeegeshwa, anakata kitambaa cha magodoro ya shule ya bweni. Mchana nikashindwa. Nikaiwasha pale kaunta, nikasimama karibu, kidole kwenye kitufe ili niweze kuzima.

Mtangazaji akaanza kutaja nchi. Kijiti, alitaja nchi mpaka akavuta pumzi katikati. Nyingine sijui ziko upande gani wa jua. Akasema hivi sasa, saa hii hii, wimbo mmoja unapigwa kote huko, na wenye wimbo ni watoto wa kwetu. Nilimwona yule mwanamke wangu wa vyombo, kisha nikamwona mwingine, na mwingine, madirisha mengi, sikuweza kuyamaliza, na wote wamenyamaza wanasubiri kujua ni nani atakayefungua kinywa.

Nilifungua mimi.

Sikujitambua papo hapo. Nilijiuliza, nani huyu mwenye kifua hiki? Nikashika koo langu kwa mkono, na koo lilikuwa limetulia, halina kazi, na sauti inaendelea kutembea mle dukani, inagonga kuta, inapita juu ya sponji na sindano, inatoka barabarani. Fundi baiskeli aliacha gurudumu likizunguka peke yake.

Na kutoka stoo, Mama akaitika.

"Nakuja, baba! Ngoja niweke mkasi!"

Akatoka mbio, nyuzi zimemganda kwenye nguo, uso wote umefunguka. Akanikuta nimesimama, mdomo nimeufunga. Akatazama redio. Akanitazama mimi. Nikadhani ataanguka, nikamsogelea, lakini alinishika mkono akanivuta chini, tukakaa kwenye godoro lisiloshonwa bado. Mteja akaingia, akaanza kusalimia kwa sauti kubwa. Mama akamnyooshea kidole.

"Nyamaza kidogo," akamwambia. "Mwanangu anaimba."

Kaka yako,
Besi